Hadubini, DNA au seli moja moja: uanze na njia ipi kuwasaka protisti wa Dodoma

Mwezi wa kumi mwaka jana nilisimama katikati ya lambo lililokauka, upande wa Bahi, nikiwa na mfuko wa kaki mkono mmoja na kijiko mkono wa pili. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande kama vigae, na alama za kwato za ng'ombe zimebaki humo tangu tope lilipokuwa bichi. Mzee mmoja mchungaji alitukaribia, tukasalimiana kwa Mbukwenyi, akautazama mfuko wangu na kuuliza vumbi lile tunalipeleka wapi. Nikamwambia kwamba ndani yake mna viumbe wamelala. Hakushangaa. "Hata chura hulala humo," alisema, akawafuata ng'ombe wake.

Binti niliyekuwa naye, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenyeji wa Kondoa, alisubiri mzee aende zake ndipo akatoa swali lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi. "Mwalimu, samahani. Nikikaa na hadubini nitaambiwa napoteza muda, siku hizi kila kitu ni DNA. Na DNA fedha yake sina. Nishike lipi?"

Swali hilo huulizwa kila mwaka na wanafunzi wa biolojia wanaovutwa na viumbe wa seli moja, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka. Nimeona niliandikie jibu refu, kwa sababu njia zipo tatu, kila moja ina inachokiona na isichokiona, na mtu wa Dodoma ana mazingira yake yanayobadilisha hesabu kabisa.

Kwanza, tunamtafuta nani

Protisti ni yukarioti, maana yake seli yake ina kiini kilichofungwa ndani ya utando, kama seli yangu na yako. Hapo ndipo anapoachana na bakteria. Lakini si mnyama, si mmea, si kuvu. Shuleni tumewasoma wachache: ameba, Euglena, Paramecium, vimelea vya malaria, vimelea vya malale. Kisha kitabu kikawaweka wote kwenye himaya moja iitwayo Protoktista na kufunga ukurasa.

Himaya ile ni kapu tu. Kila kilichokosa pa kuwekwa kilitupwa humo. Ndani ya kapu hilo wamo viumbe walioachana kwenye mti wa uhai zamani kuliko mnyama alivyoachana na kuvu, na kila baada ya miaka michache anapatikana mwingine asiye na ndugu wa karibu hata mmoja. Mwaka 2015 matokeo ya safari ya utafiti ya meli ya Tara yalionyesha ukubwa wa jambo hili kwa upande wa bahari. Walisoma DNA ya sampuli 334 za maji ya juu ya bahari mbalimbali, wakakadiria makundi yapatayo 150,000 ya yukarioti, wakati spishi za planktoni (viumbe wanaoelea majini) wa aina hiyo zilizokuwa zimeelezwa kwa maumbile zilikuwa kama 11,200. Theluthi moja ya makundi hayo hayakuweza kuunganishwa na kundi lolote linalojulikana.

Hiyo ni bahari, ambayo ina meli za kuisaka. Udongo wa lambo la Bahi, maji ya bwawa la Hombolo, chumvi ya ziwa Singidani, madimbwi ya mvua juu ya miamba ya Dodoma mjini: humo msakaji ni wewe na mimi.

Njia ya hadubini

Njia hii ni ya kumwamsha kiumbe, kumlisha na kumtazama akiwa hai. Kwa ardhi yetu ndiyo ninayoipenda, nami nitaieleza kwa urefu.

Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi mingi inapita bila tone. Protisti wa udongo amezoea. Maji yakianza kwisha anajikunja, anajijengea kifuko kigumu na kulala humo. Ndiyo maana udongo mkavu unaweza kuubeba ndani ya mfuko wa kaki, kwenye daladala, bila barafu, bila dawa, na ukafika maabara na wakazi wake salama. Kwa utafiti wa bajeti ndogo, huo ni utajiri ambao mwenzako wa nchi za baridi na unyevu hana.

Namna ya kuwaamsha ilisanifiwa na Wilhelm Foissner wa Salzburg, Austria, mtu aliyetumia maisha yake kwa siliati wa udongo, yaani protisti wanaoogelea kwa vinywele vingi vifupi. Unaweka udongo kwenye sahani ya petri, unaumwagia maji yaliyokenekwa mpaka ushibe lakini usielee. Ukiinamisha sahani na kubonyeza udongo kwa kidole, maji kidogo yachuruzike pembeni. Hayo ndiyo unayoyatazama. Unatazama siku ya 2, ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. (Maji yaliyokenekwa huuzwa madukani kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, usije ukachukua tindikali.)

Ratiba hiyo ina sababu. Wa kwanza kuamka ni wenye pupa. Ukimwagilia asubuhi, kabla ya siku kuisha utamkuta Colpoda, siliati mwenye umbo la figo, au tuseme la haragwe, na ule mbonyeo wake ubavuni ndipo ulipo mdomo. Anazunguka huku akipiga mbizi kati ya chembe za mchanga, anasimama ghafla, anarudi nyuma kidogo, anaendelea. Akitaka kuzaa anajifungia kwenye kifuko na kujigawa humo ndani, ukitulia unaona ukuta mwembamba ukipasuka na wanatoka wanne. Usimwache mwanafunzi akimbie baada ya kumwona Colpoda. Colpoda yupo karibu kila udongo duniani. Wageni huamka polepole: wiki ya pili huja wanaokula flajeli wadogo (protisti wanaoogelea kwa mkia mmoja au michache), wiki ya tatu na ya nne huja wanaowala hao. Ukiisha kuosha sahani siku ya saba umewamwaga wale uliokuwa ukiwatafuta.

Na yako mengi ya kutafuta. Foissner na wenzake walichukua njia hiyohiyo Namibia, kwenye udongo wa Etosha na jangwa la Namib, na mwaka 2002 wakatoa maelezo ya spishi mpya za siliati zaidi ya 100 kwa mkupuo. Sahani, maji, hadubini na uvumilivu. Nikiutazama udongo wa Bahi na Manyoni nawaza Namibia kila mara.

Sasa vifaa. Kwa siliati, hadubini ya kawaida ya shule inayokuza mara 400 inatosha kuanzia. Foldscope, ile hadubini ya karatasi iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza mara 140. Inamwonyesha mtoto wa sekondari Paramecium na kumfungua macho, ila flajeli wa mikromita tano ataonekana kama kijidoti kinachotetemeka. Kwa hao unahitaji mara 1000, mafuta ya lenzi, na zaidi ya yote lenzi za tofauti ya awamu, zinazomfanya kiumbe asiye na rangi aonekane dhidi ya maji. Ukipata fedha ya kitu kimoja tu, nunua hizo. Halafu shikiza simu kwenye lenzi ya jicho na urekodi video. Namna anavyoogelea, upande anaouburuta mkia, anavyotetema akigusa kitu, ni alama za utambulisho ambazo picha mnato haina, na formalini inazifuta zote.

Udhaifu wake ni huu. Inakula muda, na macho hayafundishwi kwa wiki moja. Sahani inawapendelea wanaokula bakteria na kuzaliana haraka. Vimelea vinavyoishi ndani ya wadudu haviji. Wawindaji wa protisti wenzao huja wachache na hufa njaa usipowapa windo. Mwaka 2022 lilitangazwa kundi zima liitwalo Provora, wawindaji wadogo wa baharini, wengine hummega windo vipande na wengine humeza mzima. Wapo sehemu nyingi za dunia lakini kila mahali ni wachache mno. Waliwapata kwa kuwafuga na kuwalisha protisti wengine, kazi ya miaka. Na kuna udhaifu mkubwa kuliko wote: sura hudanganya. Nitarudi hapo.

Njia ya DNA ya mazingira

Hapa humtafuti kiumbe. Unachukua maji au udongo, unatoa DNA yote iliyomo, unachagua kipande kimoja cha jeni ambacho kila yukarioti anacho, unakizidisha kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, unakisoma, unalinganisha na hazina ya mifuatano inayojulikana. Jeni inayotumika sana ni ile ya 18S ya ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini), ndefu kama herufi 1,800, na mara nyingi husomwa kipande chake tu, eneo la V4 au V9. Hazina za kulinganishia ni kama PR2, iliyotengenezwa maalumu kwa protisti, na SILVA.

Nguvu yake ni upana. Sampuli kumi za Hombolo, kumi za Mtera, kumi za Singidani na Kindai, kabla ya mvua na baada ya mvua, zote unaziweka kwenye zoezi moja na kupata orodha ndefu kuliko ambayo jicho lingeipata kwa miaka mitano. Vimelea vimo. Wasioota kwenye sahani wamo. Swali lako likiwa "maji ya msimu huu yana wakazi gani tofauti na ya msimu uliopita," sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Bei imeshuka na mashine zimekuwa ndogo. MinION, mashine ya kusoma DNA, inaingia mfukoni, na hapa Tanzania, Kenya na Uganda imeshawahi kupelekwa hadi kwa wakulima kusoma virusi vya mihogo. Inaweza kusoma 18S nzima badala ya kipande, na kwa mtu anayetaka kujua ukoo, herufi 1,800 zina maneno mengi kuliko 130 za V9. Maabara za vinasaba zipo Arusha, Morogoro na Dar es Salaam.

Lakini sikiliza lililonipata. Niliwahi kuchuja maji ya Hombolo, nikagandisha vichujio na kuvituma kwa basi kwenye kisanduku chenye barafu. Kisanduku kililala stendi. Kilipofika, barafu ilikuwa maji ya vuguvugu, bakteria wameshakula walichokula, DNA imekatika vipande, na PCR haikutoa kitu. Miezi miwili ya kazi. Tangu hapo vichujio vyangu naviweka kwenye spiriti ya asilimia 96 au navikausha kwa chembe za silika siku ileile, na nachukua sampuli mbili kila mahali, moja ibaki kwangu.

Hilo ni la usafiri, linarekebishika. Yafuatayo yako ndani ya njia yenyewe.

Idadi ya mifuatano si idadi ya viumbe. Protisti mmoja ana nakala chache za jeni ya 18S, mwingine, hasa kati ya siliati na dinoflajeli, ana maelfu kwa maelfu. Siliati mmoja mkubwa anaweza kuonekana kwenye jedwali kama jeshi.

DNA haisemi nani yu hai. Kifuko kilicholala tangu mvua za mwaka juzi, mzoga, vumbi lililopeperushwa kutoka Kongwa, vyote vinahesabiwa. Kwenye nchi ya vumbi kama yetu hilo si jambo dogo.

Vianzio vya PCR, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, vina upendeleo. Diplonemidi, ndugu wa mbali wa vimelea vya malale, walikuwa hawaonekani vizuri kwenye tafiti za V4. V9 iliposomwa kwenye sampuli za Tara wakajitokeza kuwa miongoni mwa makundi yenye aina nyingi zaidi baharini. Walikuwepo siku zote.

Na mwisho, hazina inakupa jina la anayefanana naye zaidi kati ya waliomo. Kama ndugu yake hayumo, unapewa "yukarioti asiyejulikana," au mbaya zaidi, unapewa jina la mtu wa mbali na wewe unaliamini. Afrika ya kati na mashariki haijajaza hazina hizo, kwa hiyo sampuli ya Dodoma itarudi na "asiyejulikana" nyingi. Wanafunzi hufurahi wakiziona. Mimi huwauliza: sasa utamwonyesha nani, na kwa sura gani?

Kisa cha Picozoa kinaeleza vizuri kuliko mimi. Mwaka 2007 watafiti waliwajua kwa DNA ya baharini na kwa mwanga uliong'aa ndani ya seli zao zilizowekwa alama. Wakahitimisha kwamba ni mwani wadogo wenye fikobilini, rangi ya kunasia mwanga, na wakawapa jina linalodokeza hivyo. Mwaka 2011 seli tatu zilikamatwa moja moja, jenomu zao, yaani DNA yao yote, zikasomwa, na hapakuwa na dalili yoyote ya kiwiti, ile sehemu ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga. Mwaka 2013 ndipo kiumbe mwenyewe alipopatikana akiwa hai na kuelezwa, Picomonas judraskeda, kijitu cha mikromita tatu hivi kinachokula, si kinachojitengenezea chakula. Kisha 2021 ikaonekana kwamba ukoo wake umo palepale kati ya mwani wekundu na mimea, ingawa chenyewe hakina kiwiti. Miaka kumi na minne kuelewa kiumbe mmoja, na kila hatua ilihitaji njia tofauti.

Njia ya seli moja moja

Hii ni ndoa ya zile mbili. Unamtazama kiumbe kwa hadubini, unampiga picha na video, kisha unamnyonya peke yake kwa mrija wa kioo uliovutwa hadi kuwa mwembamba kama unywele, unamwosha kwenye matone mawili matatu ya maji safi, unamweka kwenye kichupa chenye dawa ya kumpasua, na RNA yake, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, inazidishwa na kusomwa. Badala ya jeni moja unapata mamia. Na mamia ya jeni ndiyo yanayoweza kukuambia kwa uhakika tawi lake liko wapi kwenye mti.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ulianza na udongo, tena udongo wa njiani. Kundi la Hemimastigophora liliundwa mwaka 1988, na Foissner huyohuyo na wenzake: vijitu vyenye safu mbili za flajela, ile mikia ya kuogelea, vinaogelea kwa namna isiyofanana na mtu. Kwa miaka thelathini hakuna aliyejua ni ukoo gani. Kisha Yana Eglit, mwanafunzi wa uzamivu huko Nova Scotia, Kanada, akachota udongo akiwa matembezini, akauloweka, akausubiri wiki kadhaa, akawaona. Yeye, Gordon Lax, Alastair Simpson na wenzao walichukua seli moja moja na kusoma RNA yake, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba Hemimastigophora si tawi la ukoo wowote uliojulikana, ni shina lao wenyewe. Spishi mpya waliyoifuga wakaiita Hemimastix kukwesjijk, kutokana na Kukwes, zimwi lenye manyoya na uroho katika masimulizi ya Wami'kmaq, wenyeji wa nchi ile.

Jina hilo linanigusa. Kanuni za majina zinaruhusu neno la lugha yoyote mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Siku protisti wa Bahi atakapopata jina, Kigogo kina maneno ya kutosha.

Mwenzake Hemimastix ni Meteora sporadica. Alielezwa 2002 kwa sura tu, na sura yake haisahauliki: ana mikono miwili pembeni anayoipunga mbele na nyuma kama askari wa gwaride. Ukoo wake ulijulikana 2024, na ikawa ni jirani wa Hemimastigophora. Angekuwa na mfuatano wa DNA bila sura, nani angewaza mikono?

Ugumu wa njia hii ni mkono na mfuko. Kunyonya seli moja kunataka mazoezi ya wiki nyingi. RNA huharibika haraka, kwa hiyo dawa na baridi lazima viwe tayari kabla hujawasha taa ya hadubini. Usomaji wa seli chache ni ghali kuliko usomaji wa 18S wa sampuli nyingi, na uchambuzi wake unataka kompyuta yenye nguvu na mtu anayejua kuchora miti ya ukoo. Mtu huyo si lazima awe wewe. Lakini lazima umfahamu kabla ya kuanza.

Kuainisha: sura au ukoo

Nilisema sura hudanganya. Chukua ameba. Kutambaa kwa kunyoosha sehemu za mwili kumezuka mara nyingi. Ameba wa kitabuni yuko kwenye Amoebozoa. Naegleria, anayefanana naye ukimtazama harakaharaka, yuko upande mmoja na Euglena na vimelea vya malale. Nuclearia ni jirani wa kuvu. Foraminifera wako Rhizaria. Ukiandika "ameba" kwenye ripoti umetaja mwendo, hujataja ukoo. Kwa hili DNA haina mpinzani, nami sitamtetea mtu anayetaka kuunda jenasi mpya leo kwa mchoro peke yake.

Ukoo unapojulikana, kiumbe wa lambo anapata maana mpya. Kwenye maji ya tope utamwona Bodo saltans, flajeli mdogo anayeruka-ruka kana kwamba amefungwa kwa uzi. Hula bakteria, hamdhuru mtu. Ni ndugu wa karibu wa Trypanosoma wa malale, anayebebwa na mbung'o. Ukitaka kuelewa kimelea kile kilitokaje kwenye maisha huru, wa kumuuliza ni huyu wa lamboni. Malaria nayo ina kisa cha namna hiyo: Chromera velia, aliyetangazwa 2008 kutoka kwenye matumbawe ya Australia, ana kiwiti na anatumia mwanga wa jua, na ni ndugu wa Plasmodium. Ndani ya Plasmodium kuna masalia ya kiwiti, na Chromera alitusaidia kuona yalitoka wapi.

Majina ya makundi makubwa yamekuwa yakibadilika. Wataalamu wa protisti walitoa mpangilio wa pamoja mwaka 2005, wakaurekebisha 2012, wakaurekebisha tena 2019. Usikariri. Andika jina la kundi pamoja na mpangilio uliofuata. Jambo jingine la kuangalia ni kanuni za majina: kuna ya zoolojia na kuna ya mwani, kuvu na mimea, na Euglena amewahi kudaiwa na zote mbili. Amua mapema utafuata ipi, kwa sababu zinatofautiana katika kile unachopaswa kuweka kwenye hifadhi kama kielelezo.

Basi uchague ipi

Nitasema ninavyoamini.

Ukiwa mwalimu wa sekondari, swali halipo: hadubini, udongo wa uwanja wa shule na siku 28. Mwaka wa tatu chuoni, mwenye miezi minne na fedha kidogo, anza na hadubini na udongo mkavu. Chukua maeneo machache, matatu yanatosha, weka sahani, rekodi kila kitu, na fedha uliyonayo itumie kusoma 18S ya wale wawili watatu utakaofanikiwa kuwafuga. Mfuatano mmoja ulioshikana na video ya kiumbe hai una thamani kuliko mifuatano elfu isiyo na sura, kwa sababu huo ndio unaoingia kwenye hazina na kumsaidia mwingine kutambua "asiyejulikana" wake.

Ukiwa na mradi wa maji, unalinganisha mabwawa au misimu, nenda DNA ya mazingira, ila kila sampuli gawa sehemu moja uitazame mbichi siku hiyohiyo, hata kwa nusu saa. Kwa maziwa ya chumvi ya Singida ningefanya zote mbili tangu mwanzo. Wanaopenda chumvi hufa ukiwawekea maji baridi, kwa hiyo tumia maji ya ziwa lenyewe yaliyochujwa. Humo aina huwa chache na ngeni, na orodha ya DNA inakuonyesha haraka kama sahani zako zinawakosa wengi.

Njia ya seli moja isiwe ya kuanzia. Ni ya siku utakapokuwa na kiumbe ambaye umemwonyesha kila anayejua na kila mmoja akanyamaza. Kumwandalia mirija na dawa kabla ya siku hiyo ni sawa, kununua mashine kabla ya siku hiyo si sawa.

Na vibali vitangulie. Utafiti unapitia COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na udongo au DNA haviondoki nchini bila mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema vielelezo vitakaa wapi na jina la nani litakuwemo. Simama imara hapo. Spishi ikielezwa kutoka Bahi, slaidi moja ya kielelezo irudi nyumbani.

Yule binti wa Kondoa alichagua sahani. Aliweka tisa, tatu za lambo, tatu za shamba la zabibu, tatu za vumbi la mwamba. Siku ya pili zote zilijaa Colpoda, akakata tamaa kidogo. Siku ya 14 hakupata la ajabu. Siku ya 21, kwenye sahani ya tano, alinipigia simu saa mbili usiku: "Shikamoo Mwalimu. Kuna kitu kinajikunja kama kijani cha kunde kinyaukacho, halafu kinanyooka. Nimekitafuta kwenye vitabu vyote." Nilikwenda. Tulikitazama kwa zamu mpaka saa nne, video kumi na moja, hatukukijua. Inawezekana kabisa kina jina, na mtu aliyesoma zaidi yetu atalisema akiona video. Sahani ile ameifunika na kuipa maji kidogo kila siku, na tangu Jumatatu anajifunza kuvuta mrija wa kioo juu ya taa ya spiriti. Mirija sita imevunjika. Wa saba ulikuwa mwembamba karibu sawasawa.